Mjadala: Wakili wa kesi ya kundi alipwe fungu la fidia, au tuendelee kukataza?

Mwanzisha mada, Kampala

Ndugu zangu, kuna kijana amemaliza LDC, chuo cha mafunzo ya uwakili hapa Uganda, hivi karibuni, anasema uwakili wake wote atauelekeza kwenye kesi za kundi, yaani watu wengi wanaoshtaki pamoja: watu waliofukuzwa kwenye bibanja (viwanja wanavyokaa na kulima katika ardhi ya mwingine), vibarua waliodhulumiwa mishahara, vijiji vinavyokunywa maji yaliyochafuliwa na kiwanda. Wakubwa wake wakamcheka, wakamwambia atakufa njaa.

Wanajua wanachosema. Sheria yetu ya Mawakili haiutambui mkataba wa wakili kulipwa pale tu kesi inaposhinda, na kanuni za maadili zinamkataza kugawana na mteja kinachopatikana. Marekani mambo ni mengine: wakili anabeba gharama miaka na miaka, akishinda jaji anamkatia fungu lake, akishindwa imekula kwake. Kule mtu anaweza kuzeeka katika kazi hiyo moja na kuishi vizuri. Huku mwanakijiji asiye na ada ya shule anatakiwa kutoa ada ya wakili kwanza, ndipo ampeleke tajiri mahakamani.

Mimi naunga mkono turuhusu, kwa sharti moja: fungu lipangwe na jaji hadharani baada ya hukumu, lisiwe jambo la kuandikiana ofisini kabla kesi haijafunguliwa. Semeni.

Mchangiaji, Mubende

Kabla ya fungu tuzungumze muda. Agosti 2001 jeshi liliwaondoa wakazi wa vijiji vinne huku kwetu ili ardhi iwe shamba la kahawa la Kaweri. Kesi ikafunguliwa 2002. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ikaamuru walipwe shilingi bilioni 37, tena zitoke kwa mawakili waliomshauri mwekezaji. Watu wakashangilia. Mwaka 2015 Mahakama ya Rufani ikaitupa hukumu hiyo na kuagiza kesi isikilizwe upya. Miaka 13 imepita tangu ifunguliwe, mnarudi mwanzo! Wakili kijana atakula nini muda wote huo akingoja fungu?

Mwanzisha mada

Mzee, hapo umenisaidia. Ni kwa sababu kesi inachukua miaka 13 ndiyo fungu liwe la kutamanika. Bila hilo anayebaki ni wakili wa shirika la misaada, na mfadhili akiondoka naye anaondoka.

Mama mfanyabiashara, Kasese

Nyie mnazungumza kama wakili ndiye anayeonewa. Sisi sokoni tuliwahi kuchanga, kila kibanda kikatoa. Wakili akaja mara mbili na suti yake, akapiga picha, simu ikazimwa. Hata risiti hatuna. Sasa mnataka huyo huyo apewe na asilimia?

Wakili, Jinja

Pole sana mama. Huyo mshtakini kwenye Baraza la Sheria, kamati ya nidhamu, hata bila risiti, mashahidi mnao. Lakini angalia: angekuwa analipwa baada ya ushindi tu, asingekuwa na mchango wa kukimbia nao.

Niongeze jambo ambalo wengi hawalijui. Kwetu kuna milango miwili. Wa kwanza ni kanuni ya 8 ya Amri ya 1 katika kanuni za kesi za madai: wachache wanaomba ruhusa ya mahakama kuwawakilisha wengi wenye madai yaleyale, na tangazo linatolewa ili wote wajue. Wa pili ni ibara ya 50 ya Katiba ya 1995, ambapo hata mtu asiyeguswa anaweza kudai haki za wengine. Kwenye mlango wa kwanza, hofu kubwa ya wanakijiji ni gharama za kesi. Mkishindwa, mpinzani hadai ada yake kwa watu 400. Anawadai wale walioandikwa majina. Nimeona wazee wakikataa kata kata kuweka sahihi kwa ajili hiyo, na sikuwalaumu. Asilimia ya wakili haiwalindi hao.

Na mlango wa pili mara nyingi hauna fungu la kukata. Chukueni kesi ya kikatiba iliyoishtaki serikali kwa vifo vya wajawazito: ilifunguliwa 2011, ikatupwa 2012, Mahakama ya Juu ikairudisha 2015, ikashinda 2020. Ushindi mkubwa ulikuwa amri kwa serikali iongeze fedha za huduma za uzazi. Utakata asilimia ya wodi?

Dereva wa lori, Malaba

Wazee wa Mau Mau hapo Kenya, walioteswa na wakoloni, walishtaki London. Mwaka 2013 Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo, kwa watu 5,228. Likaja kundi jingine la watu zaidi ya 40,000, likagonga mwamba 2018, mahakama ikasema madai yamepitwa na wakati. Kundi kubwa si nguvu peke yake, wakubwa.

Mwanzisha mada

Wakili wa Jinja, nakubali la wodi; huko jaji aamuru serikali ilipe ada. La wale wenye majina ndilo gumu, nalo sikulifikiria vya kutosha. Labda anayetaka fungu akubali pia kubeba gharama za mpinzani akishindwa. Nani anatia sahihi hapo?

Wakili, Jinja

Mimi sitii sahihi. Nina watoto watatu shuleni. Wekeni mfuko wa kulipia gharama hizo kwanza, ndipo mniulize tena.

Mama mfanyabiashara, Kasese

Na huo mfuko atashika nani?