Tupeane uzoefu: shule ilimtendeaje mtoto anayelelewa nje ya familia yake?

Mwanzisha Mada
Ndugu zangu, naandika baada ya kumsikia mwalimu, mbele ya kikao cha wazazi, akisema kwamba "watoto wa kituo" ndio wanaoshusha wastani wa darasa. Ninamlea mtoto aliyeishi kwenye makao ya watoto kwa miaka 4, naye alikuwa ameketi kando yangu. Sikumjibu yule mwalimu, na hadi leo najilaumu. Mliolelewa makaoni au katika familia za malezi, nanyi walimu na walezi, naomba mtueleze yaliyowakuta.

Mlezi wa Wawili
Pole sana, mwenzangu. Jina hilo nalifahamu, nalo linamuuma hata mlezi.

Niliyehamishwa
Umenikumbusha siku ambayo sijawahi kuisimulia. Nilikuwa darasa la 6, katikati ya kipindi cha hesabu, afisa wa ustawi wa jamii alipobisha mlangoni akiwa ameshika begi langu la nguo. Nilipoliona begi nilijua kwamba nahamishwa, na darasa zima likajua pamoja nami. Mwalimu aliniambia niharakishe ili kipindi kiendelee. Daftari langu la hesabu nililiacha juu ya dawati kwa makusudi, kwa kuwa niliamini kwamba nikiliacha watalazimika kunirudisha kulichukua.

Katika shule mpya, iliyokuwa ya 4 kwangu, faili langu lilichelewa kwa karibu muhula mzima, na kwa sababu hapakuwa na matokeo ya kuonyesha, nilirudishwa darasa la 5. Nilifundishwa yale niliyokwisha kuyajua, nikawa mtukutu, nao wakaandika kwamba nina tabia mbaya. Siku moja mwalimu wa zamu alinikuta nikimwelekeza jirani yangu namna ya kugawanya sehemu. Alinipa mtihani wa darasa la 6 siku hiyo hiyo, nikaufaulu, akaenda mwenyewe kwa mkuu wa shule kunitetea.

Mwalimu wa Siku Nyingi
Ndiyo maana nasema kwamba walimu wote waelezwe historia ya mtoto wa namna hii tangu siku ya kwanza.

Mlezi wa Wawili
Kwa heshima, mwalimu, sikubaliani nawe. Nilieleza kila kitu katika ofisi ya walimu, na kabla ya wiki kwisha wanafunzi walikuwa wakimuuliza binti yangu kwa nini mama yake alimwacha. Ajue mtu mmoja tu.

Afisa Ustawi
Nchini England sheria inazitaka shule za umma ziwe na mwalimu mmoja aliyeteuliwa kufuatilia masomo ya watoto hawa, na tangu 2018 jukumu lake linawahusu pia waliotoka kwenye malezi ya serikali kwa kuasiliwa. Kuhusu faili lililochelewa, sheria ya elimu ya Marekani ya 2015 inataka mtoto aliye katika malezi abaki katika shule yake ya awali isipokuwa ikibainika kwamba kubaki hakumfai, na akihamishwa aandikishwe mara moja hata kama nyaraka hazijafika.

Mwalimu wa Siku Nyingi
Niliwahi kumwadhibu mtoto kwa kusinzia darasani, kumbe alikuwa ameletwa kwenye nyumba mpya usiku wa manane. Siri za familia yake sizihitaji, lakini hilo nilistahili kuambiwa asubuhi ile, na huyo mmoja aliyejua hakuniambia.

Mlezi wa Wawili
Kwa hilo nakubaliana nawe, mwalimu.

Mpita Njia
Walezi, tunzeni wenyewe nakala za ripoti zote. Msiitegemee ofisi yoyote.

Mwanzisha Mada
Niliyehamishwa, nakuuliza wewe hasa: je, nimekwisha kuchelewa kumjibu yule mwalimu?

Niliyehamishwa
Hujachelewa, dada. Nenda ukaonane naye bila mtoto, kisha ukirudi nyumbani umweleze mtoto kwamba ulikwenda na ulichosema. Mlezi wangu alinyamaza katika kikao kama hicho, nami nilikaa miaka mingi nikiamini kwamba alikubaliana nao.

Mwanzisha Mada
Nitakwenda Jumatatu asubuhi.