Kamera inaingia ukungu kila nikirudi ndani, mnafanyaje?

Wadau habari zenu, mi napiga picha za kujifurahisha tu, sasa naishi nchi ya watu na baridi ya huku haina utani, kila nikirudi ndani lenzi inajaa ukungu, halafu betri niliyozoea inakaa siku nzima huku lisaa tu imekata. Nimeuziwa feki au?

— Mkuu betri yako nzima, lithiamu ikipata baridi nguvu inashuka, ikipata joto inarudi. Beba mbili, moja ikae mfuko wa ndani karibu na mwili, unabadilisha badilisha. Ukungu ni mvuke wa ndani unagusa kioo cha baridi, kama glasi ya maji ya barafu inavyotoa jasho. Ukiwa BADO NJE tia kamera kwenye mfuko wa nailoni ufunge kabisa, ukiingia usifungue mpaka yapite kama masaa mawili. Memori kadi itoe kabla maana najua hutavumilia 😂

— Na usichomoe lenzi ikiwa na unyevu. Vile vipakiti vya silika vya kwenye viatu vipya msitupe, vinanyonya unyevu, mi nilifungia begi likiwa bichi nikalisahau, lenzi ikaota fangasi, mpaka leo roho inaniuma

— Dah asanteni. Na kwenye ndege betri za akiba?

— Begi la mkononi, usiweke la kupakia. Za kamera nyingi ziko chini sana ya 100 Wh (wati-saa, kipimo cha nishati ya betri) so hawasumbui, ncha zizibe na selotepu