Tupeane uzoefu: mionzi ya koo, iliyopigwa padogo na iliyopigwa eneo lote

MwalimuMstaafu, Tanga:
Wakuu, nimefundisha miaka 34, kwa hiyo sauti ilipokauka nikalaumu chaki. Tangawizi, antibayotiki mara tatu, wapi! Mwezi wa tano daktari wa masikio, pua na koo akapitisha kamera puani akaona kauvimbe kwenye uzi wa sauti wa kulia. Kinyama kikapimwa: saratani, hatua ya kwanza. Nikapigwa mionzi mara 28, zoloto lote (sehemu ya koo yenye nyuzi za sauti), grei 2.25 kila siku (grei ndiyo kipimo cha mionzi), jumla 63. Unalala chali, uso umebanwa na maski ya plastiki yenye matundu. Ole wako uwe na mafua. Wiki ya nne ngozi ya shingo ilibabuka, kumeza mate ikawa kama kumeza miiba. Huu mwaka wa tatu, nimepona, sauti ina mkwaruzo kidogo. Ninachouliza: ugonjwa ulikuwa kulia, uzi wa kushoto uliunguzwa kwa kosa gani? Aliyepigwa upande mmoja aje.

MpakiaKontena, Rotterdam:
Shikamoo mwalimu. Ni mimi. Vikao 16 tu, ila vizito, grei 3.63 kila kimoja, uzi mmoja wa sauti. Kila siku walinipiga picha kwanza nikiwa palepale kitandani, maana ukimeza tu zoloto linapanda. Jaribu kuambiwa usimeze, uone mate yanavyojaa! Ngozi haikubabuka. Wanasema wanaikwepa pia mishipa ya shingo inayopeleka damu kwenye ubongo.

MkeWaFundi, Mombasa:
Wa kwangu ilikuwa tonsili ya kushoto, ndogo. Wakapiga koo na shingo ya upande huo tu. Mate ya upande wa kulia yakabaki, pilau anakula, ila nimwagie mchuzi.

BintiWaEldoret:
Jamani, msiende kuwadai madaktari upande mmoja. Ya mamangu ilikuwa nyuma ya pua. Alipigwa shingo pande zote mbili hata kabla tezi hazijavimba, kwa sababu ya huko huwahi sana kukimbilia kwenye tezi za limfu, vile vinundu vya shingoni. Kinywa kilikauka, hata kanisani chupa ya maji iko mkobani. Kinachoniuma ni meno yake. Hospitali tuliyoenda hawakumpeleka kwa daktari wa meno kabla ya kuanza, sasa yanameguka moja moja. Ulizeni hilo mapema.

MwalimuMstaafu:
Marahaba mwanangu. Pole sana binti, mfikishie mama salamu. Jana nilikuwa kliniki nikamtupia daktari swali langu, akacheka. Kumbe nilichokuwa nakiita eneo lote ni kisanduku cha kama sentimita 5 kwa 5! Nyuzi za sauti hazina mifereji mingi ya limfu ya kusafirisha ugonjwa, kwa hiyo tezi za shingo hakuzigusa kabisa. Kubana zaidi ya hapo, anasema, kunataka picha za kila siku kama za Rotterdam, la sivyo ukimeza mionzi inapiga pembeni. Nimemwelewa, japo ngozi ile sijaisahau. Kisha akaniandikia kipimo cha damu cha tezi ya thairoidi, ile ya mbele ya shingo, eti mionzi ya shingo huweza kuichosha miaka baadaye. Kuna mwingine anayepimwa hicho? Mnapima kila baada ya muda gani?