Tupeane uzoefu: ng'ombe wako wa kwanza wa maziwa ulimchaguaje?

Habari wafugaji wenzangu. Kila mara mtu akiuliza anunue ng'ombe gani, anajibiwa "chukua Friziani, anatoa lita 25", naye anaenda kutoa akiba yote. Tulioumia tuseme tuliumia wapi, waliopatia waseme walipatiaje. Naanza mimi.

Niko Muheza, Tanga. Mwaka 2017 nilipanda Lushoto nikanunua Friziani wa uzao wa pili. Nilishuhudia akikamuliwa, lita 17 kwa siku. Nikamshusha huku kwenye joto. Ikifika saa tano asubuhi anahema mdomo wazi, majani hayagusi. Mwezi haujaisha, ameshuka hadi lita 8. Kisha matezi ya chini ya masikio yakavimba, homa, anapumua kwa shida: ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe. Kule alilelewa bandani tangu ndama, kupe hawajui, na mimi sikuuliza kama amechanjwa. Alikufa siku ya sita. Sasa nina chotara wawili wa Friziani na Borani. Lita 9 au 10 kila mmoja, na jua likiwaka wanacheua kivulini.

Mfugaji, Tukuyu
Pole sana mkuu. Mimi niliponzwa na kiwele. Nilifika kwa muuzaji saa nane mchana, kiwele kimejaa hadi chuchu zimetanuka. Nikalipa palepale. Kumbe hakukamuliwa tangu jana yake jioni! Nyumbani alitoa lita 6, na chuchu moja ya nyuma imekufa kabisa.
Siku hizi naomba nikamue mwenyewe jioni, nalala hukohuko, kesho asubuhi nakamua tena. Maziwa ya kwanza ya kila chuchu nayadondoshea kwenye kitambaa cheusi. Nikiona mabonge au majimaji, naaga. Muuzaji anayekataa nisikamue, simsikilizi tena hata akipunguza bei.

Mfugaji, Rombo
Hili langu sijaona likisemwa, naomba mlishike. Nilinunua mtamba (jike ambaye hajazaa bado) mzuri wa umbo, mgongo umenyooka, bei laki tatu chini ya wenzake. Miaka miwili nakata majani, nabeba migomba mgongoni, haoneshi joto la kutaka dume hata siku moja. Daktari wa mifugo alipompima akaniuliza, "Alizaliwa peke yake?" Nikampigia muuzaji. Alizaliwa pacha na dume.
Daktari akanieleza kwamba pacha jike na dume huchangia damu tumboni, na homoni za dume huharibu kizazi cha jike. Karibu wote wa namna hiyo ni tasa. Nilimuuzia mchinjaji. Swali la pacha ulizeni kabla ya bei.

Mfugaji, Njombe
Mimi ni mama wa watoto wanne, shamba langu la majani ni nusu eka tu. Nilichagua ng'ombe wa aina ya Jezi kwa sababu ana mwili mdogo, hali majani mengi kama Friziani. Anatoa lita 11. Maziwa yake yana mafuta mengi, mtindi unaganda mzito, wateja wananifuata hapahapa nyumbani. Ila kama unauza kituoni wanakolipa kwa lita tu, hayo mafuta hayakuongezei kitu. Jua kwanza utamuuzia nani.

Mwanzisha mada
Asante dada wa Njombe. Ulinunua mtamba au aliyekwishazaa?

Mfugaji, Njombe
Mtamba mwenye mimba ya miezi sita kaka. Alipimwa kwa mkono na daktari niliyemleta na kumlipa mwenyewe, si wa muuzaji. Nilitaka anizoee kabla ya kuzaa, kila siku namwosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu. Siku ya kwanza kumkamua hakurusha teke. Lakini majani ya tembo ya kumlisha niliyapanda mwaka mzima kabla hajafika.