Naomba ushauri: nota za Turandot zinazosemekana zilikuwa za Toscanini

Habari zenu wakuu. Naishi Milano, nilimhudumia bibi mmoja mzee hadi alipofariki. Wanawe wamenipa kasha la vitabu vyake vya muziki, maana wanajua naimba kwaya. Ndani kuna nota za opera ya Turandot ya Puccini, toleo la wachapishaji Ricordi la 1926, za sauti na piano. Bibi alikuwa akisema zimetoka kwa Arturo Toscanini mwenyewe, yule kondakta (si wa daladala!) aliyeiongoza mara ya kwanza kwenye jumba la opera la La Scala hapa Milano, Aprili 25, 1926. Usiku ule alisimamisha muziki pale Puccini alipoishia kabla ya kifo chake.

Kinachonisisimua ni mwisho wake. Franco Alfano ndiye aliyeumalizia, Toscanini akadai ufupishwe, na nakala za awali zenye ule mwisho mrefu ni adimu. Hii yangu nimeilinganisha na chapa ya kawaida: ina kurasa za ziada.

Shida ni jina. Hakuna sahihi, kuna alama za penseli tu. Toscanini aliongoza bila kuangalia nota, kwa kukumbuka tu, maana macho yake yalikuwa mabovu, ila najua aliziwekea alama nota zake nyumbani. Je, niombe maktaba ya New York yenye nyaraka zake inilinganishie mwandiko, au nianze na mthamini wa hapa? Dalali mmoja kataka kuzinunua kwa euro 200 papo hapo, haraka yake ikanitia shaka. Na hati ya urithi kutoka kwa wanawe, iandikweje?