Naomba ushauri: simu za nyumbani usiku wa manane

Habari zenu wakuu, naombeni mawazo.

Nimehamia mbali kikazi, na huku tumewatangulia nyumbani kwa saa 8. Kwao ikiwa saa 1 jioni, wametulia na wana hamu ya maongezi, kwangu ni saa 9 usiku. Mama anapiga, shangazi anapiga, halafu binamu anataka tu kujua kama nimelala (nilikuwa nimelala). Asubuhi kazini nasinzia.

Nisieleweke vibaya, sauti zao nazipenda. Na maisha huku yana raha zake ndogo: natembea jioni nzima bila mtu kuuliza naenda wapi, na kiti cha dirishani ni changu peke yangu. Ila usingizi ndio sina.

Nimejaribu kuzima mlio, mama akadhani naumwa, ukoo mzima ukatafutana. Nikahamia kwenye ujumbe wa sauti. Anausikiliza, kisha anapiga kuujibu. Simu yangu pia ina mpangilio wa kunyamaza usiku unaompitisha anayepiga mara ya pili ndani ya dakika chache. Walishaugundua, sasa wote wanapiga mara mbili.

Mliowahi kuishi mbali hivi: mliwapangiaje wazazi muda mmoja maalumu wa kuongea bila wao kuona mmewatenga? Na kwa dharura ya kweli, mlikubaliana ishara gani, au namba ya nani ndiyo iruhusiwe kulia usiku? Nawaza kumteua dada, lakini mama atalipokeaje hilo?