Mrejesho: vile viti vyangu vya mbao

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini rangi ya maji inabanduka kwenye viti vyangu vya zamani, mkaniambia tatizo ni vanishi iliyo chini. Kweli kabisa. Nimepiga msasa namba 120 mpaka mng'ao ukaisha, nikafuta vumbi, nikapaka praima (rangi ya msingi ya kushikisha), kisha rangi nyeupe mara mbili.

Glezi ya kahawia, ile rangi nyepesi ya kupaka juu na kuifuta ili ibaki kwenye michongo, ndiyo iliyonitoa jasho. Inakauka upesi mno! Kiti cha kwanza kilibaki na mabaka kama kimemwagikiwa chai. Vilivyofuata nilipaka mguu mmoja mmoja na kufuta papo hapo kwa kitambaa chenye unyevu, ikabaki kwenye michongo tu. Kile cha mabaka nimekirudia chote. Bado vanishi ya juu, nasubiri vikauke.